Mbwa Mchanga Asiyetulia: Mwongozo Kamili wa Kumfunza na Kumzoesha Watu, Mbwa Wenzake na Makelele

Malalamiko yanafanana kila mara. Mbwa ana miezi mitano, sita au minane. Anarukia wageni, anavuta kamba mpaka bega linauma, anang'ata mikono mchezoni, na akiitwa anageuza kichwa mara moja kisha anaendelea na yake. Mwenyewe amejaribu kumchosha kwa matembezi marefu na mpira unaorushwa jioni nzima, lakini kila wiki mbwa anataka mpira zaidi.

Ndivyo inavyokuwa. Mbio za kila siku humjengea pumzi, na mchezo wa kasi usio na kikomo humwacha na msisimko asiojua kuutuliza. Mbwa wa namna hii anahitaji mazoezi, naam, lakini anachokikosa zaidi ni ujuzi wa kushuka: kutoka kwenye mchezo mkali hadi kulala chini akipumua taratibu. Ujuzi huo hufundishwa. Ndiyo maana hapa utulivu unatangulia, na njia zenye watu zinafuata baadaye.

Fuata hatua kwa mpangilio wake. Wengi wanaokwama walianza na kamba au na kukutana na mbwa wengine, wakati mbwa wao hajaweza hata kutulia chumbani pasipo na mtu yeyote.

## Vifaa utakavyohitaji

Mkanda wa kifua wenye pete mbele na pete mgongoni. Pete ya mbele humgeuza mbwa kuelekea kwako anapovuta, na shingo yake inabaki salama.

Kamba ya kawaida ya mita 1.5 hadi 2. Usitumie ile inayojikunja na kurefuka yenyewe. Kamba hiyo humfundisha kwamba akivuta anaongezewa nafasi, yaani kinyume cha somo lako.

Kamba ndefu ya mita 5 hadi 10, kwa mazoezi ya kuitwa mahali pa wazi. Ifunge kwenye mkanda wa kifua, kamwe si shingoni, na usiizungushe mkononi wala kwenye vidole. Mbwa akikimbia ghafla, kamba iliyozungushwa huvunja kidole.

Vipande vya chakula vya aina mbili. Aina ya kwanza ni chakula chake cha kawaida. Ya pili ni kitu kinachomvutia sana, kama nyama iliyochemshwa bila chumvi wala mfupa. Kila kipande kiwe kidogo kama punje ya njegere, maana utatoa vingi. Vyakula vya ziada visizidi sehemu moja ya kumi ya lishe yake ya siku. Punguza kwenye bakuli kile unachotoa kwenye mazoezi. Chokoleti, vitunguu, zabibu na chochote chenye zilitoli (xylitol, kitamu kinachotiwa badala ya sukari) ni sumu kwa mbwa.

Mkeka au blanketi moja ambalo litatumika kwa somo la kutulia tu.

Vitu vya kutafuna visivyovunjika vipande vyenye ncha. Mifupa iliyopikwa haifai, hupasuka na kuchoma utumbo.

Kizimba au kona iliyowekewa uzio, na mfuko wa kiunoni wa kubebea vipande, kwa sababu chakula kinachotafutwa mfukoni hufika kimechelewa.

Minyororo ya kukaba, mikanda yenye miiba na ya umeme haimo kwenye orodha. Maumivu hujishikiza na kile mbwa anachokitazama wakati huo. Mbwa amemwona mtoto, amevuta kwa furaha, akabanwa shingo. Baada ya mara kadhaa anajifunza kwamba mtoto akitokea, shingo inauma. Baadhi ya mbwa wanaobwekea watoto kwa ukali walianza wakiwa na furaha tu.

## Kabla ya kuanza: chanjo na umri

Mpeleke mbwa kwa daktari wa mifugo. Chanjo za msingi dhidi ya parvo, distempa na homa ya ini ya mbwa huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, na hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16 au zaidi. Chanjo ya kichaa cha mbwa ina ratiba yake, na daktari ataipanga kwa mujibu wa sheria za mahali ulipo.

Hapa pana mgongano ambao lazima uuelewe. Kipindi ambacho mtoto wa mbwa hupokea mambo mapya kwa urahisi huanza akiwa na wiki 3 hivi na hufungika kati ya wiki 12 na 14, kabla chanjo hazijakamilika. Ukimfungia ndani mpaka sindano ya mwisho, utampata mbwa mwenye afya anayeogopa kila kitu. Tangu mwaka 2008, AVSAB, chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama, kimeshauri kwamba watoto wa mbwa waanze madarasa ya kuzoeshwa wakiwa na wiki 7 hadi 8, mradi wamepata chanjo ya kwanza angalau siku 7 kabla.

Kwa vitendo: kabla chanjo hazijakamilika, mbebe mikononi au kwenye mfuko, mwache atazame dunia akiwa juu, na mkutanishe na mbwa wazima waliochanjwa tu. Usimshushe mahali ambapo mbwa wasiojulikana hupita na kujisaidia, kwa sababu virusi vya parvo hukaa hai kwenye udongo kwa miezi mingi.

Kama mbwa wako amekwisha kuvuka umri huo, hujachelewa kumfunza. Hatua ni zilezile, ila ya saba itachukua muda mrefu zaidi na itabidi ukae mbali zaidi na vitu vinavyomtia hofu.

## Hatua ya 1: Mrudishie usingizi

Mtoto wa mbwa hulala saa 18 hadi 20 kwa siku. Akinyimwa usingizi hapungui kasi kama unavyotarajia. Anaongeza: anang'ata, anazunguka chumba, anararua mazulia. Watu humwona hivyo wakamtoa nje acheze tena, na hali inazidi kuharibika.

Kwa mbwa aliye chini ya miezi minne, jaribu mpangilio wa takriban saa moja macho, saa mbili kulala. Mkubwa kidogo atavumilia muda mrefu zaidi, lakini bado anahitaji mapumziko yaliyopangwa mchana.

Mzoeshe kizimba polepole. Mlishe ndani mlango ukiwa wazi. Baadaye ufunge kwa muda wa kula tu, kisha kwa dakika chache akiwa na kitu cha kutafuna na wewe ukiwa karibu. Akilia kwa hofu, umekwenda haraka mno; rudi nyuma.

Tahadhari: Kizimba kisiwe adhabu, wala watoto wasimsumbue akiwa humo.

Umefaulu ukiona: anaingia mwenyewe na kulala, na ile vurumai ya jioni imepungua. Nyumba nyingi huona tofauti kubwa kwa hatua hii peke yake.

## Hatua ya 2: Neno la alama

Chagua neno moja fupi, mathalani "Safi!" Liseme, kisha mpe kipande papo hapo. Rudia mara 10 hadi 15, pumzika, rudia baadaye. Humwombi afanye chochote. Unamfundisha kwamba neno hilo linaahidi chakula.

Sababu ni muda. Makalio ya mbwa yanagusa sakafu kwa nukta moja, na mkono wako haufiki mdomoni mwake kwa wakati. Ukichelewa sekunde tatu ameshasimama, na umemlipa kwa kusimama. Neno linafika kwa wakati, chakula kinafuata.

Kisha fundisha "Kaa". Shika kipande mbele ya pua yake, kipandishe taratibu kuelekea nyuma ya kichwa. Pua ikienda juu, makalio hushuka. "Safi!", mpe. Baada ya mara chache fanya ishara ileile mkono ukiwa mtupu, na umpe kwa mkono mwingine. Wengi hubaki na chakula mkononi kwa wiki nzima, kisha hushangaa mbwa asipotii bila kukiona.

Mazoezi yawe ya dakika tatu, kabla ya mlo, mara kadhaa kwa siku. Fanyia "Kaa" jikoni, sebuleni, mlangoni, uani. Mbwa akijua kukaa jikoni hajui bado kukaa mlangoni. Kwake hayo ni masomo mawili, na anayedhani ni ukaidi anamwonea.

Umefaulu ukiona: ukisema neno la alama, shingo inageuka haraka hata akiwa ananusa kitu.

## Hatua ya 3: Kutulia kwenye mkeka

Hili ndilo somo la mwongozo mzima. Lipe muda.

Tandika mkeka na ukae karibu nao. Mbwa akiukanyaga, sema neno la alama na uweke kipande juu ya mkeka. Usimwite, usimsukume, usimwamuru. Akitoka, ngoja kimya. Ndani ya vipindi vichache atakuwa anaukimbilia.

Sasa ngoja alale. Atasimama akikutazama, atakaa, ataguna, kisha atachoka na kujilaza. Hapo hapo mlipe vipande vitatu vinne, kimoja kimoja, ukiviweka chini katikati ya miguu yake ya mbele. Usivirushe. Mkono wako utembee polepole na sauti iwe ya chini, kwa sababu sifa za kelele humwamsha tena.

Ongeza muda bila kupanda moja kwa moja: sekunde 3, kisha 8, kisha 4, kisha 15, kisha 6. Mbwa akigundua kwamba kila mara inakuwa ngumu zaidi, ataacha. Baadaye ongeza bughudha ndogo: simama, piga hatua moja, gusa mlango, mtu mwingine apite chumbani.

Ongeza jambo moja tu kwa wakati mmoja: muda, umbali wako, au bughudha. Ukiongeza umbali, punguza muda. Kipimo ninachokiamini ni hiki: akifaulu mara nne katika tano, panda ngazi, akikosea mara mbili mfululizo, shuka. Watu huona aibu kushuka, kana kwamba ni kushindwa. Kushuka ndiko kunakomfanya mbwa aelewe.

### Zoezi la kupanda na kushuka

Mkeka peke yake hautoshi kwa mbwa mwenye damu inayochemka, kwa sababu utulivu wake unafundishwa akiwa tayari ametulia. Lazima pia ajue kurudi chini akiwa juu.

Cheza naye kuvutana kamba kwa sekunde 15 hadi 20, kwa furaha ya kweli. Kisha gandisha mkono kwenye paja lako, kimya. Kamba ikiacha kuwa hai, naye ataachia. Ngoja. Akikaa au akirudi nyuma na kupumua, sema neno la alama na mchezo uanze tena. Malipo yake hapa ni mchezo wenyewe.

Mwanzoni atachukua nusu dakika kutulia, pengine atabweka. Usimjibu. Siku zinavyokwenda muda huo utafupika, mpaka atakaa mara tu mkono wako unapoganda. Hapo amejifunza kwamba kutulia ndiko kunakofungua mlango wa mchezo. Maliza kila kipindi kwenye mkeka, na mtupie vipande kumi sakafuni avitafute kwa pua. Kunusa huteremsha msisimko.

Tahadhari: Akianza kurukia nguo au kung'ata mikono mchezoni, ulimpandisha juu mno. Fupisha raundi ziwe za sekunde 5.

Umefaulu ukiona: analala akiegemea nyonga moja, kidevu kimegusa mkeka, macho yamelegea. Mbwa aliyelala kama sfinksi, miguu yote chini yake, bado anasubiri kuruka.

## Hatua ya 4: Meno na kuruka

Meno ya utoto, 28 kwa jumla, huanza kung'oka akiwa na miezi mitatu hadi minne, na meno 42 ya ukubwani hukamilika karibu na mwezi wa saba. Katikati hapo ufizi unamwasha, atatafuna tu. Kazi yako ni kumwonyesha cha kutafuna.

Meno yakigusa ngozi, mkono ulegee na uondoke, mchezo usimame. Mpe kitu chake. Akirudia mara ya pili, vuka uzio umwache peke yake sekunde 20 hadi 30, kisha rudi bila hotuba. Usimfunge mdomo kwa mkono, usimpige puani, na usilie kwa sauti kali kama wengine wanavyoshauri: kwa mbwa mchangamfu sauti hiyo ni mwaliko.

Kuruka kunatokana na kutaka kuangaliwa. Ukimsukuma, umemgusa, ukimkemea, umezungumza naye. Vyote viwili ni malipo. Geuka kando, mikono kifuani. Miguu minne ikigusa chini, inama umsalimie kwa utulivu. Mgeni akija, mbwa awe na kamba, mkeka uwe tayari, na salamu zingoje.

Tahadhari: Kabla ya kuacha, ataongeza. Ataruka juu zaidi na kubweka zaidi kwa siku kadhaa, kwa sababu mbinu iliyokuwa ikifanya kazi imekataa. Mtu mmoja nyumbani akikubali siku hiyo, mbwa amejifunza kwamba kinachohitajika ni kung'ang'ania. Kaeni kikao wote, mkubaliane maneno na kanuni.

## Hatua ya 5: Kamba iliyolegea

Anzia ndani ya nyumba. Tembea, na kila akiwa sambamba na mguu wako sema neno la alama, umpe kipande ukikishika usawa wa mshono wa suruali. Mahali unapotoa chakula ndipo mbwa anapopenda kukaa. Ukikitoa mbele, atatangulia.

Nje, kanuni ni moja: kamba ikikaza, unasimama. Usiirudishe kwa kuivuta, maana mbwa anayevutwa huvuta kwa upande wake. Ngoja ageuke au alegeze, sema neno la alama, endelea. Akitaka kunusa mti na kamba imelegea, mpeleke anuse; harufu ni malipo makubwa kwa mbwa wengi.

Siku za kwanza utamaliza robo saa bila kuvuka nyumba ya tatu. Ni sawa kabisa.

Kikwazo kikubwa ni siku zile una haraka. Kanuni inayovunjwa mara moja moja haifundishi kitu. Kwa hiyo tumia pete mbili: pete ya mbele maana yake tuko darasani, pete ya mgongoni maana yake hakuna somo leo, unaweza kuvuta. Mbwa hutofautisha haraka.

Umefaulu ukiona: kamba imeinama kati yenu, na kila hatua chache anakutupia jicho bila kuitwa.

## Hatua ya 6: "Njoo"

Kama mbwa wako amekwisha kuzoea kupuuza neno "Njoo", chagua jipya. Lile la zamani limeharibika.

Mwite kwanza akiwa hatua tatu mbele yako, ndani, pasipo na kitu cha kushindana nawe. Akija, mpe vipande vitano mfululizo vya ile aina bora, si kimoja. Kisha mwachie aendelee na alichokuwa akifanya. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Mbwa anayeitwa ili afungwe kamba na kurudishwa nyumbani anajifunza kwamba "Njoo" inamaliza raha. Mara tisa katika kumi iwe ni kuja, kulipwa, kurudi kucheza.

Nje tumia kamba ndefu. Mwite mara moja tu. Asipokuja, usirudie neno. Sogea karibu, piga makofi, kimbia kurudi nyuma, na akianza kukufuata msifu njia nzima. Kamba iko ili asiondoke, si ya kumkokota.

Tahadhari: Usimwite ili umkemee, umwogeshe au umpe dawa. Kwa hayo mfuate mwenyewe. Na usimwachie huru mahali penye magari au mifugo kwa sababu tu alikuja vizuri jana.

## Hatua ya 7: Kumzoesha dunia

Hapa ndipo nia njema huharibu mbwa wengi. Mtu anasoma kwamba mbwa azoeshwe watu, basi anampeleka sokoni Jumamosi, kila mpita njia anamshika kichwa, kila mbwa anamnusa. Matokeo ni moja kati ya mawili: mbwa anayeogopa, au mbwa anayejiona ana haki ya kumrukia kila kiumbe na kulia akizuiwa.

Mbwa aliyezoeshwa vizuri huona mtu, baiskeli, mbwa mwingine, mwavuli, kisha anaendelea na yake. Katika kila watu kumi mnaokutana nao, asalimiane na mmoja au wawili. Waliobaki awatazame tu.

### Umbali ni kila kitu

Kaa naye mahali ambapo anakiona kitu lakini bado anaweza kula na kukusikia. Inaweza kuwa mita 5, inaweza kuwa 50. Akikiona, mpe kipande. Kikipita, chakula kikome. Mpangilio usigeuke: kitu kwanza, chakula baadaye. Ukitangulia kutoa chakula, chakula kinakuwa ishara kwamba jambo baya linakuja.

Mdomo wake ndio kipimo chako. Akichukua kipande kwa midomo laini, mko pazuri. Akikinyakua kwa meno mpaka vidole vinauma, msisimko umepanda, ongeza umbali. Akikikataa kabisa, mko karibu mno, ondokeni kwa utulivu. Wakati huo hafundishiki, hata ukiwa na nyama bora duniani.

Zitambue dalili ndogo kabla ya kubwa: kulamba pua bila chakula, kupiga miayo bila usingizi, kugeuza uso, sikio kulala nyuma, weupe wa jicho kuonekana pembeni, mkia kujificha, mwili kukakamaa. Mngurumo ni onyo, na ni zawadi. Usimwadhibu kwa kunguruma. Mbwa aliyeadhibiwa hivyo hujifunza kung'ata bila kuonya.

### Nini cha kumzoesha

Watu wa kila namna: warefu, wazee wenye fimbo, wenye kofia, ndevu, miwani, sare, wanaokimbia. Watoto wawe chini ya uangalizi wa mtu mzima kila wakati, wamkaribie mmoja mmoja, na mbwa awe na njia ya kuondoka.

Anayetaka kumgusa afanye jaribio la sekunde tatu: amkune kifuani, si juu ya kichwa, aache, angoje. Mbwa akisogea, aendelee. Akigeuka, basi.

Makelele ya radi, fataki na honi anza nayo kwenye simu, sauti ikiwa chini kiasi kwamba anainua sikio tu, wakati anakula. Pandisha kidogo kidogo kwa siku nyingi. Nyuso za ardhi pia zina maana: vyuma, vigae, ngazi, majani yenye maji. Mwache aamue mwenyewe kukanyaga.

Na mwili wake. Gusa ukucha, mpe kipande. Inua sikio, mpe. Fungua mdomo, mpe. Mpitishe kwa daktari siku asiyodungwa sindano, ale vipande viwili mezani, mrudi. Mbwa anayekubali kushikwa hutibiwa mapema na vizuri.

Tahadhari: Usimlazimishe kuvumilia mpaka "azoee". Mbwa aliyeganda katikati ya umati hajatulia, amekata tamaa.

Umefaulu ukiona: anakiona kitu kilichokuwa kinamsumbua, kisha anageuka kukutazama mwenyewe akingoja chake.

## Hatua ya 8: Mbwa kwa mbwa

Chagua mbwa mzima mtulivu, aliyechanjwa, asiyechukizwa na wadogo. Anzeni kutembea sambamba, mita kumi au zaidi kati yenu, mwelekeo mmoja. Punguzeni nafasi kadiri wanavyolegea. Wakikutana, iwe kwa kuzungukia ubavu. Uso kwa uso ni ufidhuli kwa mbwa. Kamba zilegee, wanuse sekunde tatu, waiteni, waachieni tena.

Mchezo mzuri una kupokezana: anayefukuza hufukuzwa, aliye juu hulala chini, na kuna vituo vya kupumua. Kuinamisha kifua makalio yakiwa juu ni mwaliko. Ukitilia shaka, mshike anayesukuma sana. Mwenzake akirudi kwake, wanacheza. Akikimbia kujificha, alikuwa anaonewa.

Wako akianza kuwa kasi tupu, mwite, mkeka dakika mbili, kisha arudi. Ndiyo kazi ya hatua ya tatu.

## Hatua ya 9: Anapobalehe na kusahau

Kati ya miezi sita na mwaka na nusu, kutegemea aina na ukubwa, mbwa aliyekuwa akija mbio atakutazama kana kwamba hajawahi kukusikia. Anaweza pia kuogopa ghafla pipa alilolipita miezi mitatu. Hajaharibika. Mwili na ubongo wake vinabadilika.

Rudisha kamba ndefu. Rudi kwenye vipande bora, mahali patulivu, muda mfupi. Endelea na mkeka kila siku, hata dakika tano. Mazoezi ya mbio ndefu za kulazimishwa, kama kukimbia kando ya baiskeli, yangoje mpaka mifupa ikomae, ambayo kwa mbwa wakubwa ni mwaka hadi mwaka na nusu. Muulize daktari wako.

## Wakati wa kutafuta msaada

Mtafute daktari wa mifugo kwanza kama tabia imebadilika ghafla, maana sikio linalouma au nyonga mbovu hugeuza mbwa mpole kuwa mkali. Mtafute pia kama amemng'ata mtu na kuacha jeraha, analinda chakula kwa mngurumo, au anashindwa kabisa kuachwa peke yake.

Jeraha la meno ya mbwa yeyote lioshwe papo hapo kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aliyeng'atwa aende hospitali kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha ni dogo.

Ukichagua mkufunzi, muulize mambo mawili: mbwa akipatia utafanya nini, na akikosea utafanya nini? Jibu la kwanza likiwa na chakula au mchezo, na la pili likiwa ni kurahisisha zoezi, omba ukatazame darasa lake bila mbwa wako. Tazama mikia ya mbwa waliomo. Asiyekubali utazame, usimpe kamba.